Firestone: Mwana wa mkulima aliyelivua trekta viatu vya chuma

JINA Firestone si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kununua tairi. Wengi wameliona limechongwa ubavuni mwa gurudumu la pikapu, lori au trekta. Walio wachache ndio wanaojua kwamba lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo alizaliwa na kulelewa shambani.

Harvey Samuel Firestone ndiye aliyefanya mengi kuwashawishi wenye magari, kisha wenye malori, na hatimaye wakulima, kwamba tairi kubwa lenye upepo mdogo hufanya kazi kuliko tairi jembamba lililojazwa upepo hadi likawa gumu kama jiwe.

Yeyote anayemiliki Land Rover kuukuu au pikapu ya zamani ya 4x4, na ambaye anafikiria kuifunga matairi makubwa ili ipite matopeni na mzigo wa maziwa au viazi, anafuata njia iliyofunguliwa na mtu huyu. Ni vyema kuijua njia hiyo pamoja na mashimo yake.

Shambani Columbiana

Firestone alizaliwa Desemba 20, 1868, karibu na mji mdogo wa Columbiana katika jimbo la Ohio, Marekani. Familia yake ilikuwa ya wakulima, na nyumba waliyoishi ilijengwa na babu yake.

Baada ya masomo ya shule alijiunga na chuo cha biashara mjini Cleveland. Alifanya kazi ya kuandika vitabu vya hesabu, akajaribu uchuuzi, kisha akaajiriwa na kampuni ya jamaa yake iliyotengeneza vigari vya kukokotwa na farasi, Columbus Buggy.

Wakati huo vigari vingi vilitembea kwa magurudumu ya mbao yaliyozungushiwa ukanda wa chuma. Vichache vya bei ghali vilivishwa mpira, na abiria wake hawakutikiswa sana. Firestone aliona kwamba mteja aliyeonja utulivu huo hakutaka tena kurudi kwenye chuma.

Mnamo 1895 alimuoa Idabelle Smith. Mwaka uliofuata kampuni aliyoifanyia kazi ilifilisika. Badala ya kutafuta ajira nyingine, Firestone alienda Chicago na kuanzisha biashara ya kuvisha vigari mpira. Aliiuza mwaka wa 1899 na kupata zaidi ya dola 40,000, pesa nyingi mno kwa zama hizo.

Mtaji wa Akron

Mnamo 1900 alihamia Akron, Ohio. Mji huo tayari ulikuwa na viwanda vya mpira, kikiwemo cha Goodrich kilichoanza 1870 na cha Goodyear kilichoanza 1898. Mfanyabiashara mwoga angeona soko limejaa. Firestone aliona mji wenye mafundi wanaoujua mpira.

Aliingia katika kampuni mpya akiwa na dola 10,000 na hataza ya njia ya kufunga mpira kwenye rimu usichomoke. Kwa hayo mawili alipata nusu ya hisa.

Mwanzoni kampuni hiyo haikutengeneza chochote. Ilinunua mpira kwa wenye viwanda na kuuza. Ni mwaka wa 1903 ndipo ilipoanza kutengeneza matairi yake yenyewe, ikiwa na wafanyakazi wachache sana.

Mlango ulifunguka mwaka wa 1906. Henry Ford, aliyetaka kuuza gari la bei nafuu, aliagiza seti 2,000 za matairi ya upepo kutoka kwa Firestone. Hiyo ni sawa na matairi 8,000 kutoka kwa kampuni changa. Tangu hapo biashara za watu hao wawili zilikua pamoja, na wakawa marafiki.

Aidha, Firestone alijua thamani ya kuonekana. Mnamo 1911, gari lililoshinda mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis lilikuwa limevaa matairi yake. Watu waliosoma habari hizo walijiambia kwamba tairi lililostahimili maili 500 za mbio lingestahimili barabara ya kwenda sokoni.

Tairi kubwa, upepo mdogo

Matairi ya magari ya miaka hiyo yalikuwa membamba na marefu. Yalijazwa upepo wa zaidi ya PSI 50. Kwenye mawe yalirukaruka, na kwenye matope yalizama kama kisu.

Mnamo 1923, kampuni ya Firestone ilileta sokoni tairi nene lililofanana na puto. Lilikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani, hivyo liliweza kubeba gari kwa upepo wa karibu PSI 30.

Siri yake ni hesabu ambayo mkulima yeyote anaweza kuifuata. Chukua gurudumu linalobeba kilo 500. Likijazwa PSI 50, sehemu ya tairi inayogusa ardhi huwa takriban sentimita mraba 140, kama kiganja cha mtu mzima. Ukipunguza upepo hadi PSI 25, sehemu hiyo huongezeka hadi karibu sentimita mraba 285. Uzito ni ule ule, ila umetandazwa. Ndiyo maana gari halizami.

Hata hivyo, tairi jembamba haliwezi kupunguziwa upepo hivyo bila kuumia. Kuta zake zitajikunja, zitapata joto na kupasuka. Ili upunguze upepo, ni lazima kwanza uwe na tairi lenye tumbo kubwa. Hilo ndilo jambo ambalo Firestone aliliuza maisha yake yote.

Wenye magari ya zamani walikabiliwa na swali gumu. Rimu zao hazikutosha matairi mapya. Waliotaka raha hiyo walilazimika kununua rimu nyingine, na magari mapya yakaanza kutoka viwandani yakiwa yamepimwa kwa ajili ya matairi hayo.

Malori nayo yalipitia safari hiyo hiyo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mengi yalitembelea mpira mzito usio na upepo, ambao uliyavunja polepole na kuharibu barabara. Kuanzia 1918, Firestone aliendesha kampeni ya kuwahimiza wakulima na wafanyabiashara kusafirisha bidhaa kwa malori badala ya kutegemea reli peke yake. Alidai barabara bora kila alikoenda. Bila shaka kila lori lililoingia barabarani lilikuwa mteja wake, lakini mkulima aliyekuwa mbali na stesheni pia alifaidika.

Bei ilipoanguka mwaka wa 1920, kampuni ilijikuta na maghala yaliyojaa na madeni makubwa ya benki. Firestone alipunguza bei ya matairi kwa kiasi kikubwa ili pesa zirudi haraka. Wauzaji wake waliona ni wazimu. Mali iliuzwa, na madeni yakalipwa katika miaka iliyofuata.

Mashamba ya Liberia

Ukurasa wa maisha yake unaogusa Afrika ulianza 1922. Uingereza, iliyotawala Malaya na Ceylon ambako mpira mwingi ulitoka, ilipunguza kiasi kilichoruhusiwa kuuzwa nje ili bei ipande. Kufikia 1925 bei ilikuwa imevuka dola moja kwa ratili.

Firestone alikasirika kuliko wenzake. Alitaka Marekani iwe na mpira wake. Mnamo 1927 alijiunga na Ford na Thomas Edison kuanzisha kampuni ya utafiti iliyopima maelfu ya mimea kutafuta mmoja unaotoa mpira na unaoweza kukua Marekani. Lakini tegemeo lake kubwa lilikuwa Liberia.

Mwaka wa 1926 alitia saini mkataba na serikali ya Liberia. Alipewa haki ya kukodisha hadi ekari milioni moja kwa miaka 99, kwa senti sita za dola kwa ekari kila mwaka. Sambamba na hilo, serikali hiyo iliyokuwa imelemewa na madeni ilichukua mkopo wa dola milioni tano kutoka kwa kampuni iliyoundwa na Firestone, kwa riba ya asilimia saba. Makao ya shamba hilo yaliitwa Harbel, jina lililounganisha Harvey na Idabelle.

Kwa upande wa biashara, ulikuwa mkataba mtamu. Kwa Waliberia waliokuwa wakilima na kuishi kwenye ardhi hiyo, haukuwa mtamu hata kidogo. Vibarua walihitajika kwa maelfu kufyeka msitu na kupanda, na machifu walilipwa kwa kila mtu waliyempeleka. Mahali ambapo chifu analipwa kwa kichwa, si rahisi kujua nani amekwenda kwa hiari.

Mnamo 1930, tume ya Shirikisho la Mataifa ilichunguza kazi ya kulazimishwa nchini humo. Ilifichua biashara ya watu waliosafirishwa kwa nguvu hadi kisiwa cha Fernando Po, na rais wa Liberia pamoja na makamu wake wakajiuzulu. Kuhusu Firestone, tume ilisema haikupata ushahidi kwamba kampuni yenyewe ilitumia kwa kujua watu waliolazimishwa, ila hali haikuwa hivyo sikuzote pale serikali ilipohusika kuwaandika vibarua.

Fauka ya hayo, soko lilimgeuka. Mpira huchukua miaka sita au saba kabla ya kuanza kugemwa. Uingereza iliondoa vizuizi vyake mwaka wa 1928, na kufikia 1932 ratili moja iliuzwa kwa takriban senti tatu. Aliyepanda kwa sababu ya bei ya dola moja akawa anasubiri mavuno ya senti. Mkulima yeyote aliyewahi kukimbilia zao lililopanda bei kwa ghafla anaujua uchungu huo. Tofauti ni kwamba Firestone alikuwa na mtaji wa kusubiri.

Trekta lavuliwa chuma

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, trekta nyingi bado zilitembelea magurudumu ya chuma yenye meno. Meno hayo yalishika udongo vizuri, lakini yalichimba barabara, yalimtikisa dereva hadi mifupani, na trekta halikuzidi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Sehemu nyingi zilipiga marufuku chuma hicho kwenye barabara za lami. Mkulima alilima kwa trekta, kisha akampeleka farasi sokoni na mzigo.

Firestone bado alikuwa na shamba la familia kule Columbiana, na huko ndiko alikofanyia majaribio matairi ya trekta. Wakati huo huo, kampuni ya trekta ya Allis-Chalmers ya Wisconsin ilikuwa ikitafuta njia ya kuondokana na chuma. Mnamo 1932, trekta lake la Model U lilijaribiwa shambani likiwa na matairi ya Firestone ya aina iliyotengenezewa ndege, yaliyojazwa upepo wa takriban PSI 15 tu.

Wengi walicheka. Waliamini mpira ungeteleza kwenye udongo na kutobolewa na visiki. Majaribio yalionyesha kinyume. Trekta lilitumia mafuta kidogo kwa kazi ile ile kwa sababu halikupoteza nguvu kuchimba na kujichomoa. Mafundi wa Firestone waliweka meno ya mpira yaliyolala mshazari kama herufi V, ili yashike udongo na kujisafisha matope yanapozunguka. Umbo hilo lingali kwenye matairi ya trekta hadi leo.

Ili kuwanyamazisha waliobisha, Allis-Chalmers ilimwita dereva maarufu wa mbio za magari, Barney Oldfield. Mnamo 1933 aliliendesha trekta lililovaa matairi ya upepo kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna mkulima aliyehitaji kasi hiyo. Hata hivyo, alihitaji kujua kwamba trekta lake lingeweza kuvuta tela hadi mjini na kurudi kabla ya jua kutua.

Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wakulima wengi hawakuwa na uwezo wa kununua trekta jipya. Hapo ndipo mafundi wa vijijini walipopata kazi. Walikata spoki za magurudumu ya chuma, wakachomelea rimu, kisha wakafunga matairi ya upepo kwenye trekta lile lile la zamani.

Walijifunza mengi kwa kufanya. Trekta lililopungukiwa na chuma lilikuwa jepesi na likateleza, kwa hivyo waliongeza vyuma vya uzito au kujaza maji ndani ya matairi. Gia zilizotengenezwa kwa mwendo wa chuma zilikuwa za taratibu mno barabarani, na viwanda vikaanza kuongeza gia ya mwendo wa kasi. Breki zilizotosha trekta linalotambaa hazikutosha trekta linalokimbia na tela nyuma yake.

Kufikia 1940, trekta nyingi mpya zilizouzwa Marekani zilikuwa na matairi ya mpira.

Miaka ya mwisho

Firestone aliachia urais wa kampuni mwaka wa 1932 na kubaki mwenyekiti. Alikuwa amewajengea wafanyakazi wake mtaa wa Firestone Park mjini Akron, lakini nyumba hazikumaliza malalamiko yao kuhusu malipo na kasi ya kazi. Mnamo Januari 1936, waliotengeneza matairi ya malori waliketi karibu na mashine zao na kukataa kazi. Mgomo huo wa kuketi ulifuatwa na mingine katika viwanda vya Akron, na chama cha wafanyakazi wa mpira kikapata nguvu.

Aliaga dunia Februari 7, 1938, Miami Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 69. Alizikwa Columbiana. Nyumba ya shamba alimozaliwa baadaye ilihamishiwa kwenye makumbusho ya Greenfield Village, Michigan, yaliyoanzishwa na rafiki yake Ford.

Jina lake lilifika Nairobi pale Firestone East Africa ilipoanzishwa mwaka wa 1969. Kampuni hiyo ilibadilisha jina kuwa Sameer Africa mnamo 2005, na kiwanda chake cha matairi kilifungwa mwaka wa 2016. Kampuni mama ya Marekani ilinunuliwa na Bridgestone ya Japani mwaka wa 1988.

Kwa mwenye gari kuukuu

Mambo waliyokutana nayo mafundi wa miaka ya 1930 ndiyo yanayomngoja anayetaka kufunga matairi makubwa kwenye 4x4 ya zamani.

Chukua mfano wa Land Rover fupi ya zamani, ile ya inchi 88. Nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 6.00-16, yenye kimo cha takriban inchi 29. Ndugu yake ndefu ya inchi 109 ilivaa 7.50-16, yenye kimo cha takriban inchi 32. Wengi huhamisha matairi ya ile ndefu hadi kwenye ile fupi.

Faida ya kwanza ni kwamba ekseli huinuka kwa inchi moja na nusu, yaani nusu ya tofauti ya kimo. Kuinua springi hakuwezi kukupa hilo, kwani springi huinua bodi tu na kuiacha ekseli pale pale ikigonga mawe. Faida ya pili ni ile ya puto: nafasi zaidi ya upepo, na uwezo wa kuupunguza kidogo unapoingia matopeni.

Gharama zake pia zinahesabika. Gurudumu likizunguka mara moja, gari husonga sentimita 255 badala ya 231. Hivyo kipima mwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda 88. Ukipima matumizi ya mafuta kwa kilomita za dashibodi, utadhani gari limeanza kunywa zaidi, ilhali limetembea kilomita 110 likaandika 100.

Injini nayo hubeba mzigo kana kwamba kila gia imekuwa nzito kwa sehemu moja kati ya kumi. Kwenye mlima na mzigo utashuka gia mapema. Klachi na shafti za ekseli huumia kwanza, hasa kwa dereva anayeachilia klachi kwa pupa.

Breki zinahitaji uangalifu zaidi. Kiwanda chenyewe kilipoifunga ile ndefu matairi makubwa, kiliipa pia ngoma za breki za inchi 11, ilhali ile fupi ilikuwa na za inchi 10. Anayehamisha matairi na kuacha breki amehamisha nusu ya kazi.

Kadhalika, rimu ya tairi kubwa ni pana kidogo. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa na kulika katikati. Mwambie fundi arekebishe boliti za kuzuia uskani ili tairi lisikwaruze springi unapokata kona, kisha akague kama linagusa madigadi gari likiwa na mzigo kamili. Likiwa tupu, gari halitakuonyesha shida hiyo.

Fundi akimaliza, pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukiupunguza kwa ajili ya matope, usirudi nao hivyo kwenye lami. Mnamo 2000 kampuni ya Firestone iliita viwandani matairi milioni 6.5 nchini Marekani, mengi yakiwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya tabaka za mpira kuachana na magari kupinduka kwa mwendo wa kasi. Kampuni hizo mbili zililaumiana, na suala la upepo mdogo lilikuwa katikati ya mzozo huo. Uhusiano wa biashara uliodumu karibu karne moja ulivunjika mwaka wa 2001.

Pampu ya kukanyaga kwa mguu pamoja na kipimo cha upepo ni vitu vya bei ndogo. Viweke chini ya kiti kabla hujalipia tairi la kwanza.